Ugomvi wa Kabati la Kwanza

Wajukuu zangu wa kituo cha utafiti wa mimea,

Mwenzenu mmoja, simtaji, anajijua, ameandika kwenye kundi letu la wasap kwamba makabati ya mimea mikavu yamepangwa hovyo, na akauliza ni mlevi gani aliyeyapanga. Mimi nimestaafu, nimekaa zangu Ipuli nafuga kuku, sina haja ya kujibizana na watu wenye bando. Lakini swali limeniwasha, kwa sababu jibu ninalo. Walevi wenyewe walikuwa wawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuonja pombe. Mmoja alikuwa Mwislamu wa swala tano, mwingine Mmoraviani mwimbaji wa kwaya.

Kabla sijaendelea, niseme moja na huyo mwenye simu. Juzi simu yake ilimwambia kwamba ule mti wa getini ni msonobari, na yeye akakubali. Mwanangu, ule ni mvinje. Kichume kile unachokiita sindano, ukivute taratibu. Kitaachana kwenye kifundo. Chukua lenzi, tazama pale kwenye kifundo: utaona meno madogo yamezunguka. Meno yale ndiyo majani. Iliyobaki yote ni kijiti tu. Msonobari hauna mambo hayo. Yakumbuke hayo meno, maana mbele kidogo yatamfufua maiti.

Nilifika kituoni nikiwa msichana kutoka Ziba, najua ng'ombe na najua dengu, mimea mingine yote naiita majani. Nikakabidhiwa kwa wazee wawili waliotunza chumba cha mimea mikavu. Mzee Selemani alikuwa Mzaramo, babu wa babu yake alikuja na msafara kutoka pwani, akafika Tabora, akaona kurudi ni mbali, akaoa. Mzee Yohana alikuwa Mnyamwezi wa Puge. Mzaramo na Mnyamwezi! Mnajua wenyewe. Utani wa makabila hayo ulianza njiani huko huko, mizigo ikiwa mabegani, na haujaisha.

Siku yangu ya kwanza nilidhani nimeingia kwenye ugomvi. Mzee Selemani alikuwa anambandika mwenzake maneno kwa sauti ambayo kwetu Ziba tungekimbilia balozi wa nyumba kumi.

"Wee mpagazi! Hilo bega limepinda kwa pembe za ndovu za watu! Kabila zima kazi yenu kubeba. Hata mimi nikifa utanibeba wewe."

"Nikubebe wewe? Babu yako alimuuzia babu yangu maji ya kisima cha Mungu. Nyie mkikosa ngoma mnaugua homa. Lete gundi hapa, muuza maji."

Kisha wakanywa chai kwenye kikombe kimoja, maana cha pili kilikuwa kimetumika kukandamizia sampuli. Nikaelewa.

Walinifundisha kazi kwa matusi hayo hayo. Nilipoleta tawi zuri la mti wa mtundu, refu, la kijani, Mzee Yohana alilitazama akasema, "Umeniletea mtu asiye na uso. Ua liko wapi? Tunda liko wapi?" Akanirudisha porini. Nilipokausha sampuli zangu juu ya paa ili nimalize haraka, upepo ukazipeleka kwa jirani, na mbuzi wa jirani akazisoma zote. Mzee Selemani akasema yule mbuzi sasa amenizidi elimu. Kwa hiyo sikilizeni: mmea hukaushwa ndani ya magazeti, chini ya mbao na mkanda uliokazwa, na magazeti hubadilishwa kila siku, hata kama ni Jumapili, hata kama Simba na Yanga. Ukichelewa utakuta ukungu. Na rangi ya ua iandikwe pale pale porini, kwa sababu likikauka kila ua huwa la rangi ya chai.

Sasa nije kwenye makabati.

Zamani za kale, mabwana wa Ulaya walikuwa wanapanga mimea kwa kuhesabu vipande vya ua. Ni sawa na kupanga watu wa sokoni kwa idadi ya vifungo vya shati: utapata safu nzuri, lakini mtu na mama yake watakuwa pande mbili tofauti. Baadaye likaja neno kwamba viumbe wana nasaba, kwamba mimea nayo ina mababu, imegeuka na kuachana polepole kama koo zinavyoachana. Hapo ikabidi makabati yapangwe kwa ukoo, kuanzia mzee wa wote hadi kitinda mimba. Na hapo ndipo kasheshe ilipoanza, maana hakuna aliyemwona huyo mzee. Kila bwana akakaa mezani kwake akamkisia.

Wajerumani wakasema: kilicho rahisi ndicho cha kale. Ua lisilo na madaha, lisilo na petali, linalorusha chavua kwa upepo, hilo ndilo babu. Wakazipa koo zote namba, na nyumba nyingi za mimea duniani zinazitumia hadi leo. Katika mpango wao, ukishamaliza nyasi na jamaa zake, ukifungua kabati la kwanza la miti na mimea ya majani mapana, anayekukaribisha ni mvinje. Ndiyo, mvinje, ambao hata majani mapana hauna. Msiniulize mimi.

Mzee Selemani alifundishwa utaratibu huo, akaumeza. Na mvinje ni mti wa pwani! Mnaelewa furaha ya Mzaramo aliyekwama bara akiambiwa kwamba babu wa maua yote anatoka kwao?

Wengine, Waingereza na Wamarekani, wakasema: sivyo. Babu alikuwa na ua kubwa, lenye vipande vingi vya kila aina, na hao wenye maua rahisi ni wajukuu waliopoteza mali. Kwa mpango huo, wanaokaa mbele ni jamaa ya mtopetope. Mzee Yohana alisomea huo. Na mtopetope mwitu unaota nyuma ya kanisa lao, Puge. Basi tena.

"Mtu huanza na kibanda," Mzee Selemani alikuwa akisema, "halafu ndiyo anajenga ghorofa."

"Babu yangu alikuwa na ng'ombe wa kujaza bonde," Mzee Yohana anamjibu, "mimi nina baiskeli, na mnyororo wake umekatika. Nani aliyetangulia, mwenye ng'ombe au mwenye baiskeli?"

Mimi nikiwasikiliza wote wawili niliona kila mmoja anasema kweli, na ndivyo nilivyokaa miaka mingi. Lakini si kwamba Waingereza nao walikuwa wakamilifu. Mmoja wao aliigawa jamii ya mimea sehemu mbili kama shule ya bweni: miti huku, mboga na majani kule. Mti wa furu akaupeleka bweni moja, mrehani bweni jingine. Nilipofikicha majani ya furu kwa mkono mmoja na ya mrehani kwa mwingine, nikapapasa vijiti vyao vichanga vyenye pembe nne, nikamwuliza Mzee Yohana, hawa si ndugu? Akaniambia, "Ni ndugu, ila wamesomeshwa mbali." Hakukubali bwana wake aguswe.

Mzee Yohana akienda likizo kulima Puge, Mzee Selemani alisogeza mvinje kabati la kwanza. Ukiingia mwezi wa Ramadhani, Mzee Selemani akichukua likizo yake, mtopetope ulirudi mbele. Mimea ile mikavu ilisafiri kuliko wapagazi. Mgeni akija kutafuta sampuli nilimwuliza kwanza tuko mwezi gani.

Yote hayo yalikuwa raha. Ubaya ulikuja siku alipofika mkaguzi kutoka makao makuu, bwana mmoja mwenye tai na haraka. Akafungua kabati la kwanza, akauliza kwa nini mvinje uko hapo. Mzee Selemani akamweleza vizuri, ua rahisi, upepo, kibanda na ghorofa. Mkaguzi akamgeukia Mzee Yohana: wewe unasemaje?

Mimi nilishajiandaa kucheka. Nilijua litatoka tusi la kumfanya yule bwana adondoshe tai. Mzee Yohana akavuta shati lake likakaa sawa, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Ndugu Selemani ni mtaalamu ninayemheshimu sana. Ila katika jambo hili, kwa bahati mbaya, elimu yake imepitwa na wakati."

Chumba kikapoa. Mkaguzi akaandika, akaondoka, na nadhani hadi leo hajui alichoshuhudia. Mzee Selemani alibaki amesimama na gundi mkononi. Tusi angelicheka. Mtani akikutukana, amekukumbatia. Lakini kukuita mtaalamu anayemheshimu, mbele ya mgeni, halafu akakuzika kwa adabu? Huko ni kukufukuza kwenye utani. Nilimwona Mzee Yohana mwenyewe ameshtuka, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Alitaka kuonekana msomi kwa mgeni, nadhani. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kuanzia siku hiyo heshima iliingia ofisini, na sijapata kuona balaa kama lile.

"Habari za asubuhi, ndugu Yohana."

"Nzuri, ndugu Selemani. Naomba mkasi, tafadhali."

"Bila shaka. Huu hapa. Karibu sana."

Nilitamani kulia. Vikombe vikawa viwili. Makabati yakagawanywa: upande wa dirishani wa Kijerumani, upande wa mlangoni wa Kiingereza, na koo ambazo hawakukubaliana zikaachwa katikati, kwangu. Ndiyo huo mpangilio aliouona mwenzenu akataja mlevi. Mkaguzi mwingine alipokuja, wote wawili walisema mpango ni mzuri sana na kila mmoja akamsifia mwenzake. Hakuna aliyesogeza tena sampuli yoyote wakati wa likizo. Mvinje na mtopetope vikatulia, na chumba kikafa.

Walistaafu mwaka mmoja. Kwenye sherehe ya kuwaaga Mzee Yohana alisimama akasoma hotuba, akamsifia Mzee Selemani kwa uchapakazi, uaminifu na nidhamu. Watu wakapiga makofi. Nilimsindikiza Mzee Selemani hadi kwake Ng'ambo.  Kufika barazani machozi yakamtoka.

"Amenisifia, Veronika," akaniambia. "Mbele za watu."

Miaka ikapita hivyo. Mmoja Puge, mmoja Tabora, na sikukuu kwa sikukuu wanatumiana ujumbe wa simu: nakutakia heri na baraka wewe na familia. Mke wa Mzee Selemani, Bi Zuhura, alikuwa akinionyesha zile meseji kwa huzuni, kama mtu anayekuonyesha majibu ya hospitali.

Karibu na kustaafu kwangu mimi, akaja binti wa chuo kikuu anayeitwa Neema. Mtoto mwerevu, mpole, na alibadilisha magazeti bila kukumbushwa. Nilimweleza ugomvi wa kabati la kwanza, akacheka, kisha akanipasulia. Siku hizi, alisema, hawakisii tena kwa kutazama ua. Wanasoma vinasaba vyenyewe. Na vinasaba vimesema: mvinje si babu hata kidogo, ni mjukuu wa mwisho mwisho, umerahisisha ua lake baadaye. Mtopetope unatoka ukoo wa zamani kweli, lakini nao si wa kwanza. Walioachana na wenzao mapema zaidi ni kichaka kimoja cha kisiwa cha mbali ambacho hakuna aliyekijua hapa, kisha yungiyungi.

"Yungiyungi la bwawani?"

"Hilo hilo, mama. Na furu na mrehani wamerudishwa nyumba moja."

Hilo la mwisho nilimwambia angeniuliza mimi.

Nikaenda Ng'ambo jioni hiyo hiyo. "Shikamoo, Mzee Selemani." "Marahaba, binti." Nikamweleza yote. Nilitegemea atasononeka. Akauliza swali moja tu: "Yohana ameshajua?"

"Bado."

"Usimwambie kwenye simu. Ukimwambia kwenye simu atanitumia meseji ya pole." Akanionyesha mlango kwa kidevu. "Unajua, Veronika, mimi nikifa atakuja. Lazima aje, ni mtani. Atasimama mlangoni hapo anitukane vizuri kabisa, kama zamani. Na mimi sitasikia hata neno moja. Hiyo ni haki?"

Nikasema si haki.

"Basi mpigie. Usiseme nimekufa, ni uongo, na uongo ni dhambi. Sema tu, Mzee Yohana, shikamoo, Mzee Selemani... halafu simu ikatike."

Bi Zuhura alisikia toka jikoni akaja na mwiko mkononi. Akasema hajapata kuona utoto kama huo, kujichuria kifo, na kwamba yeye hahusiki, na kwamba atakaa barazani asimsemeshe mtu yeyote mpaka upuuzi huo uishe. Nami nikapiga simu, Mungu anisamehe. Ilikatika mahali pazuri sana.

Kesho yake asubuhi alifika. Tulimwona kwa mbali, amevaa koti nje ndani, kama watani wavaavyo msibani, na begani amebeba tawi la mtopetope mwitu kutoka Puge. Barazani akamkuta Bi Zuhura ameketi mkekani, kanga imemfunika hadi machoni, amenuna. Nani asingedhani ni mjane? Mzee Yohana alisita kidogo.  Kisha akajilaza kizingitini, tawi juu ya kifua, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia:

"Hatoki mtu hapa! Hatoki maiti! Wee Selemani, muuza maji wewe, mvivu, umekimbia mjadala! Umeona hoja zimekuishia ukaamua kufa! Miaka yote unatudanganya na mvinje wako. Mvinje! Mti usio hata na jani moja, ndio uwe babu wa maua yote? Babu gani asiye na shati?"

Na kutoka chumbani, kwa hasira ya kweli, ikaja sauti:

"Majani unayo! Tazama kwenye vifundo, mpagazi wewe!"

Jogoo wa jirani akawika, hakuna aliyemjali. Mzee Yohana alikuwa bado amelala kizingitini, macho yametoka. Akageuza kichwa polepole akanitazama mimi, kisha akamtazama Bi Zuhura.

"Maiti anabisha," alisema.

Mzee Selemani akatokea mlangoni na msuli na fulana. "Yale meno ndiyo majani. Nilikufundisha hata kabla huyu binti hajaja. Kichwa chako kizito kwa sababu ya mizigo. Inuka, unachafua kizingiti."

"Siinuki. Nimetoka Puge na basi la alfajiri, nimesimama njia nzima, nimelia mpaka kondakta amenihurumia, halafu nakukuta una fulana? Wee Mzaramo huna haya! Huna dini! Hata kufa hujui!"

Bi Zuhura akafunua kanga usoni. Machozi yalikuwa yanamtoka kweli, na alikuwa anacheka.

"Alhamdulillah," akasema. "Wanatukanana."

Akaenda kupika. Walikula sahani moja, wakanywa chai kikombe kimoja ingawa vilikuwapo vingi. Nikawaeleza habari za yungiyungi. Hapo ndipo nilipoona upatanisho wa kweli, maana waliungana papo hapo dhidi ya Neema, chuo kikuu na vinasaba vyote. Yungiyungi? Lile linaloelea? Lisilo hata na pa kusimama? Watoto wa siku hizi wamelogwa na mashine. Mzee Yohana alikiri tu kwamba mtopetope umekaribia zaidi kuliko mvinje, na akakiri hivyo mara nyingi sana kabla ya magharibi.

Wakati wa kuagana Mzee Selemani alimshika mkono. "Sasa nikifa kweli, utakuja?"

"Nimeshakuja," akajibu Mzee Yohana. "Siji mara mbili kwa maiti mmoja."

Walipata miaka mizuri baada ya hapo. Kila siku ya gulio Mzee Yohana akishuka Tabora, mtaa wa Ng'ambo ulijua.

Masika iliyopita Mzee Selemani alifariki, kweli safari hii. Nilimpigia Mzee Yohana, na simu nikaishika kwa mikono miwili isije ikakatika.  Asubuhi alikuwa mlangoni, koti nje ndani, mkononi kijitawi cha mvinje alichokichuma getini kwenu. Tukatulia tukisubiri tusi, familia yote, mtaa wote. Akalisogelea jeneza, akainama.

"Wee muuza maji," alisema. "Mara hii usiponijibu, nitajua umekubali mtopetope."

Tukasubiri kidogo sote, hata shehe. Kisha Mzee Yohana akakichomeka kile kijitawi kwenye mfuko wa koti lake, akawasogeza vijana waliokuwa wameshika mbele, akaingiza bega.

"Pisheni," akasema. "Kubeba ni kazi ya kabila letu."